Jarida la Nusu Bei na Gauni la Kwaya

Chumba cha kazi cha Mama Vifungo, nyumbani kwake, kilikuwa na cherehani mbili, meza moja ndefu na dirisha linalotazama barabara. Rafu zote zilijaa chupa za vifungo. Watu walimwita Mama Vifungo kwa sababu ya chupa hizo, na pia kwa sababu hakuwahi kupita kifungo kilichoanguka. Hata akiwa amevaa nguo ya sherehe, akikiona njiani atainama tu, atakifuta vumbi na kukitia mkobani.

Asubuhi hiyo alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Wifi yake, yaani dada wa mumewe, alikuwa akipiga pasi huku akiongea. Huyo wifi aliweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, mradi moja iwe ni kuongea.

"Wifi, shati hili ni la nani? Kola yake imechoka kuliko mimi."

"La kaka yako."

"Ndiyo maana! Kabla hajakuoa, kaka yangu alikuwa na kola nzima."

"Kabla hajanioa alikuwa hana shati," alisema Mama Vifungo. "Piga pasi, acha maneno."

Wote wawili walicheka. Mara mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa muuguzi wa hospitali ya karibu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kwaya ya wauguzi. Hakukaa hata kwenye kiti. Alitoa simu mkobani na kuionyesha.

"Fundi, tazama. Unaweza kunishonea hili?"

Ilikuwa picha ya jalada la jarida la mishono, toleo jipya la mwezi huo. Mama Vifungo aliisogelea ile picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Lilikuwa gauni la kijani. Marinda yake yalianzia bega la kushoto, yakashuka kwa mshazari kifuani, yakabana kiunoni, kisha yakafunguka mpaka chini. Moyo wake ulianza kwenda mbio. Kwa miaka yote aliyoshona, hakuwahi kuona marinda yakitii hivyo.

"Kwaya yetu itaimba siku ya kufungua wodi mpya ya watoto," alisema muuguzi. "Nishonee gauni moja la mfano. Jumamosi ijayo nitalivaa, wenzangu walione. Likipendeza, kazi ya kwaya nzima ni yako. Ukiona huwezi, niambie mapema nimpelekee Fundi wa Kona."

Fundi wa Kona alikuwa na chumba chake ng'ambo ya barabara. Yeye na Mama Vifungo walisalimiana kila siku, lakini kwa meno tu. Moyo haukuwamo.

"Kona ya nini?" Mama Vifungo aliruka. "Niachie mimi!"

Muuguzi alipotoka, wifi aliweka pasi chini. "Unajua kulishona?"

"Sijui."

"Na umesema..."

"Nimesema aniachie. Ameniachia. Sasa ndiyo tunaanza kujua."

Kushona gauni la namna hiyo kunahitaji pateni. Pateni ni karatasi yenye umbo la kila kipande cha nguo. Fundi huiweka juu ya kitambaa, huipitisha chaki pembeni, kisha hukata. Ukiwa na pateni unajua mkono unaishia wapi na rinda linakunjwa wapi. Ukiwa huna, unabahatisha. Mama Vifungo alijaribu kubahatisha. Alikata magazeti ya zamani, akayabana kwa pini mwilini mwa wifi yake, akakunja, akakunjua, akakunja tena.

Wifi alijitazama kwenye kioo. "Niambie ukweli. Mimi ni gauni au ni mwavuli?"

"Mwavuli," alikubali Mama Vifungo.

Lakini alijua mahali pateni ilipo. Katikati ya kila toleo la jarida lile huwa kuna karatasi kubwa iliyokunjwa, yenye pateni za nguo zote za toleo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa na toleo moja la zamani. Alilitumia mpaka likafumuka mgongo, akalishona kwa uzi wa jinzi. Alitupa futi ya kupimia shingoni, akatoka mbio kwenda duka la vitabu.

"Limekwisha," alisema muuza duka. "Kila mtu analitaka gauni la jaladani. Sitaletewa mengine."

Alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito. Mlangoni alikutana na wifi yake, macho yamemtoka, simu mkononi, anarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Wifi! Wifi! Keti kwanza usije ukaanguka. Kuna wakala anauza jarida lile lile mtandaoni. Unalipia mara moja, unalipata mwaka mzima. Na bei yake haifiki nusu ya bei ya dukani! Na sikiliza hapa: toleo jipya unalipata papo hapo!"

"Papo hapo?"

"Papo hapo!"

Mama Vifungo hakusubiri kusikia mengine. Alilipa kwa simu palepale. Walishikana mikono wakacheza kuizunguka meza. Chupa moja ya vifungo ikaanguka, vifungo vikatawanyika chumba kizima, na kwa mara ya kwanza Mama Vifungo hakuinama.

Simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Karibu, msomaji wetu. Bonyeza hapa usome toleo lako."

Alibonyeza. Jalada likafunguka, gauni la kijani likang'aa. Wifi alipiga kigelegele. Walipitisha kurasa moja baada ya nyingine mpaka wakafika kwenye pateni. Hapo kigelegele kikakatika.

Pateni ilikuwepo. Ilikuwa na ukubwa wa biskuti. Mistari yake ilikuwa imejisokota kama uzi aliouchezea paka. Mama Vifungo aliweka vidole viwili kwenye kioo, akaitanua. Mistari ikawa ukungu. Akaitanua tena. Ukungu ukaongezeka. Chini yake palikuwa na maneno madogo: "Karatasi ya pateni huja na jarida la kuchapishwa."

"Labda tuwashonee wanasesere," alisema wifi kwa sauti ndogo.

"Nimeibiwa!" Mama Vifungo alipiga meza. "Mchana kweupe! Nimeibiwa na mtu ambaye hata sura yake siijui!"

Wakati huohuo akaingia mkutubi wa maktaba ya mtaa. Alikuwa na miadi ya kupimwa sketi mpya. Alisimama mlangoni, akatazama vifungo sakafuni, akatazama nyuso zile mbili.

"Nirudi kesho?"

"Ingia, dada," alisema Mama Vifungo. "Simama hapa, nyoosha mikono. Nikipima hasira hupungua."

Akampima huku akimweleza kisa chote. Mkutubi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba aione simu. Alisoma polepole tangazo la wakala, neno kwa neno, na tabasamu likaanza kumtoka.

"Mama Vifungo, hukuibiwa."

"Sikuibiwa? Na hicho kibiskuti ni nini?"

"Soma hapa, chini ya bei."

Mama Vifungo alisoma. Paliandikwa: "Toleo la kusomea kwenye simu." Maandishi yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo.

"Wakala alisema anachouza," alisema mkutubi. "Hebu fikiria. Jarida la karatasi lingekufikiaje papo hapo? Lingerushwa dirishani?"

Wifi aliangua kicheko. Mama Vifungo alimkata jicho, kisha naye akashindwa kujizuia.

"Lakini dada, mtu anauzaje kitu kwa nusu bei kama hana ujanja? Mimi nikishona kwa nusu bei, watoto watakula vifungo."

"Lete jarida lako la zamani. Ukurasa huu una nini?"

"Tangazo la sabuni."

"Na huu?"

"Tangazo la cherehani."

"Wenye matangazo hayo wanawalipa wachapishaji wa jarida. Na swali lao la kwanza huwa, mna wasomaji wangapi? Wasomaji wakiwa wengi, tangazo nalo linalipiwa zaidi. Ndiyo maana wachapishaji hukubali kumpunguzia bei mtu anayelipia mwaka mzima. Lakini hawawezi kumfikia kila mtu. Basi huwapa mawakala ruhusa ya kuwatafutia wasomaji. Hata maktaba yetu hununua majarida yake kwa wakala."

"Kumbe kila mtu anacheka!"

"Kila mtu anacheka, kama wakala ana ruhusa. Kama hana, anacheka peke yake."

Wifi alikuwa amekwisha rudi kwenye simu. Ghafla alipiga kelele. "Huyu hapa! Huyu anauza ya karatasi, kwa bei ya kutupa! Wifi, lete namba ya siri haraka. Kuna saa inarudi nyuma, ikifika sifuri bei inapanda!"

Mkutubi alimshika mkono. "Ngoja kwanza. Saa hiyo imewekwa ili usipate nafasi ya kufikiri. Pesa unaambiwa utume wapi?"

"Kwa namba hii ya simu."

"Ya kampuni au ya mtu?"

Wifi alitazama. "Ya mtu. Jina ni la mtu tu."

"Mmh," alisema mkutubi. "Tuwaulize wenyewe. Namba ya wachapishaji usiichukue kwa muuzaji. Ichukue ndani ya jarida lenyewe."

Walifungua ukurasa wa kwanza wa lile jarida lililoshonwa kwa uzi wa jinzi. Namba ilikuwepo chini kabisa. Mama Vifungo alipiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Karani wa kike aliitika.

"Hujambo dada," alisema Mama Vifungo. "Nina mawakala wawili hapa. Nataka kujua yupi ni wenu."

Alitaja wa kwanza. "Huyo ni wetu," alisema karani. "Ana ruhusa yetu." Akataja wa pili, mwenye saa. "Huyo hatumjui. Tafadhali usimpe chochote."

Wifi aliiweka simu yake mezani taratibu, kana kwamba inauma.

"Basi huyo wenu ameniuzia jarida la kwenye simu," alisema Mama Vifungo. "Mimi ni fundi cherehani. Nataka karatasi. Siwezi kukata kitambaa juu ya kioo!"

Karani alicheka. "Mafundi wengi hulalamika hivyo. Umelipa lini?"

"Leo. Hata chai sijanywa tangu nilipe."

"Basi kuna nafasi ya kubadilisha. Nitaongea na wakala. Utaongeza kiasi kidogo, na bado itakuwa nafuu kuliko dukani."

Mkutubi alimnong'oneza: "Muulize utapata matoleo mangapi. Usiulize miaka, uliza matoleo. Kuna majarida hayatoki kila mwezi." Mama Vifungo akauliza, akajibiwa kwamba ni toleo moja kila mwezi. Mkutubi akanong'ona tena: "Uliza mwaka ukiisha itakuwaje." Akauliza.

"Mwaka ukiisha, malipo yatajirudia yenyewe, kwa bei kamili," alisema karani.

"Yajirudie bila mimi kusema?" Macho ya Mama Vifungo yalimtoka pima. "Sitaki! Mwaka ukiisha mniulize kama wageni wanavyobisha hodi."

"Sawa, mama. Tumeyazima. Utapata ujumbe wa kuthibitisha. Uhifadhi, pamoja na risiti yako."

Furaha ilianza kurudi chumbani. Lakini mkutubi alikuwa bado na swali moja, akalisema mwenyewe kwa sauti: "Na toleo la kwanza la karatasi litafika lini?"

"Huchukua wiki kadhaa kuingizwa kwenye orodha," alisema karani. "Ataanza na toleo lijalo."

Mama Vifungo aliagana na karani, akaketi juu ya kigoda. Toleo lijalo! Gauni la kijani lilikuwa kwenye toleo hili, na Jumamosi haikuwa na subira. Aliona kazi ya kwaya nzima ikivuka barabara na kuingia kwa Fundi wa Kona. Machozi yalimlenga.

"Mbona umenyong'onyea?" aliuliza mkutubi. "Maktaba yetu inalo toleo hilo."

Mama Vifungo aliinuka kwa nguvu mpaka kigoda kikapinduka. "Unasema?"

"Lipo kabatini, na karatasi yake ya pateni. Huwezi kuliazima liende nyumbani, wala huwezi kulikata. Lakini unaweza kunakili palepale. Njoo kesho na karatasi nyepesi na penseli. Nina meza kubwa kuliko yako."

Kesho yake mawifi hao wawili walikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa. Mkutubi aliwatandikia karatasi kubwa ya pateni. Mistari ya nguo nyingi ilipishana juu yake. Kila nguo ilikuwa na mstari wake: mwingine wa nukta, mwingine wa vijistari vifupi, mwingine mzima. Waliweka karatasi nyepesi juu, wakaanza kufuata.

"Wifi, mkono huu mbona mrefu hivi?" aliuliza wifi baada ya muda.

Mama Vifungo alitazama. "Huo si mkono. Umefuata nukta. Huo ni mguu wa suruali."

Wasomaji wa meza ya pili waliinua vichwa. Mkutubi aliweka kidole mdomoni. Kazi ikaendelea kimyakimya. Mgongo wa gauni, kifua, kiuno. Kisha Mama Vifungo akakiona. Kilikuwa kipande kidogo cha pembe tatu, ambacho hakionekani kabisa kwenye picha. Hicho hushonwa ndani ya bega, na marinda yote hushikiliwa nacho. Bila hicho, gauni lingekuwa mwavuli mpaka mwisho wa dunia.

"NIMEKUPATA!" alipiga ukelele.

Mzee mmoja aliangusha miwani yake. Mkutubi alikuja mbio kumnyamazisha, lakini alipoona uso wake, yeye mwenyewe alishindwa kuficha meno.

Jumamosi muuguzi alifika na wenzake wawili. Aliingia nyuma ya pazia. Mama Vifungo alisimama katikati ya chumba, futi ameing'ang'ania kwa mikono miwili. Wifi, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na neno.

Pazia likafunguka. Marinda yalishuka kutoka begani, yakapita kifuani, yakabana, yakafunguka. Muuguzi alijizungusha. Gauni likazunguka naye, na aliposimama, likasimama. Akavuta pumzi, akatoa sauti moja ndefu ya wimbo ili aone kama kifua kitambana. Hakikubana.

"Fundi," alisema, "shona kwaya nzima."

Wenzake walipiga makofi. Wifi akapata sauti yake tena, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Kazi ikaanza kwelikweli. Vitambaa vya kijani vilijaa meza, viti na kitanda. Siku moja, katikati ya pilikapilika hizo, mtu wa posta alileta bahasha kubwa. Ilikuwa na jina la Mama Vifungo, limeandikwa vizuri. Ndani mlikuwa na jarida jipya la karatasi, lenye kunukia wino. Aliitoa karatasi ya pateni, akaikunjua sakafuni. Iliziba chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Mumewe, fundi bomba, alirudi kazini akasimama mlangoni na buti zake.

"Sasa mimi nipite wapi?"

"Vua viatu, upite ukutani," alisema mkewe bila kuinua kichwa.

Naye akapita ukutani, mgongo ameubana, huku dada yake akicheka mpaka akakaa chini.

Walikuwa bado wanacheka aliposimama mtu mwingine mlangoni. Alikuwa Fundi wa Kona. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alikuwa na simu mkononi, na uso umemshuka.

"Shikamoo, dada," alisema. "Samahani. Nimesikia wewe unalipata hili jarida. Nami nimelilipia juzi, kwa nusu bei. Lakini pateni zake..."

Akanyoosha simu. Kwenye kioo palikuwa na kibiskuti. Aliweka vidole viwili, akakitanua. Kikawa ukungu.

Wifi alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alimtazama Fundi wa Kona. Angeweza kumwacha aendelee kutanua ukungu mpaka jioni, na ukweli ni kwamba wazo hilo lilimpitia. Lakini alikumbuka jinsi meza yake ilivyomuumiza mkono siku ile alipoipiga.

"Marahaba, mwenzangu. Acha kukitanua, hakitanuki," alisema, akamvutia kigoda. "Kaa hapa. Fungua ukurasa huu wa kwanza. Chini kuna namba ya wachapishaji. Ukipiga, cha kwanza waulize kama wakala wako wanamjua. Kisha sema unataka ya karatasi."

Fundi wa Kona alipiga. Sauti ya karani ikasikika, ikacheka. Baada ya muda mfupi aliiweka simu chini, na uso wake ukawa umefunguka kama pazia la dirisha.

"Wamekubali! Wananibadilishia!" alisema. "Dada, nikulipe nini?"

Mama Vifungo aliokota mkasi mezani, akamgeuzia upande wa mpini. Kisha akamwonyesha lile rundo la vitambaa vya kijani lililofika karibu na dari.

"Anza na mikono ya kushoto," alisema. "Wauguzi ni wengi, na wodi inafunguliwa Ijumaa."